Kinasa kaseti cha bei nafuu kwa kompyuta ya zamani: tazama kichwa kwanza

Belti ya mpira iliyokatika hubadilishwa kwa muda mfupi na kwa pesa kidogo. Kichwa, yaani kile kipande cha chuma kinachogusa utepe na kuusoma, kikilika hakina dawa. Kwa hiyo ukitafuta kinasa kaseti cha kuhifadhia programu za Spectrum, MSX au Commodore 64, kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 zilizoweka programu kwenye kaseti kwa milio, kile ambacho muuzaji anakwambia "hakizunguki" huenda ndicho cha kununua, na kile kinachoimba kwa nguvu dukani kichunguze vizuri kabla hujatoa pesa.

Kwanza ujue kompyuta yako inataka nini. ZX Spectrum ya mwaka 1982 na mashine nyingi za MSX, zikiwamo zile za Sakhr zilizouzwa nchi za Ghuba na herufi zake za Kiarabu, hutumia kinasa cha kawaida. Tafuta kile bapa cha kulala mezani, cha mono, chenye kaunta na matundu ya EAR (ya kutolea sauti) na MIC (ya kuingizia) ya milimita 3.5. Kwa MSX kikiwa na tundu la REM la milimita 2.5 ni bora zaidi, maana kompyuta itawasha na kuzima mota yenyewe. Redio kubwa za stereo ziacheni. Zinasoma njia mbili za sauti kwa pamoja, na kichwa kikiinama kidogo tu, njia hizo zikichanganywa hufutana katika sauti kali. Spectrum inaandika data kwa milio ya takriban hezi 1,000 na 2,000. Hiyo haihitaji chombo cha anasa, inahitaji mwendo usioyumba.

Commodore 64 haikubali kinasa cha kawaida moja kwa moja. Inataka Datasette, kinasa chake maalumu, 1530 au C2N, yenye plagi bapa ya njia sita za umeme. Ukiona 1531 yenye plagi ya mviringo, hiyo ni ya C16 na Plus/4, kompyuta nyingine za Commodore, haitaingia. Datasette haina spika wala umeme wake, ndiyo maana wauzaji wengi hushindwa kuionyesha ikifanya kazi. Nenda na betri nne za volti 1.5 na nyaya mbili: hasi kwenye njia ya 1, chanya kwenye njia ya 3, halafu bonyeza PLAY. Mota ikizunguka, nusu ya kazi imekwisha. Tazama pia kama ndani ya plagi kipo kile kizuizi cha plastiki. Kama kimevunjika, plagi inaweza kuingia kichwa chini miguu juu, umeme wa mota ukaenda kwenye njia ya kusomea na kuunguza chipu. Na usichomeke wala kuchomoa kompyuta ikiwa imewashwa.

Sasa kichwa. Fungua mlango wa kaseti, bonyeza PLAY bila kaseti, umulike kwa tochi ya simu. Uso wake uwe laini na unaong'aa. Pitisha ukucha kutoka juu kwenda chini. Ukikwama kwenye mfereji uliochimbwa na utepe, rudisha chombo. Rola ya mpira iliyo kando yake isiwe na nyufa wala kung'aa kama kioo.

Kinasa kikiwa kinazunguka, kijaribu kwa kaseti ya taarabu, ambayo zamani ilikuwa kwenye nyumba nyingi za Unguja na Pemba. Sikiliza fidla inaposhikilia noti moja ndefu. Noti ikitikisika, belti imelegea au rola imekauka, na mtikisiko huohuo ndio utakaoharibu data.

Vyombo vya mitumba vya Japani vinahitaji tahadhari ya pekee: vingi ni vya volti 100, na soketi zetu ni 230. Soma kibandiko cha nyuma. Ikiwa kina tundu la volti 6, adapta inatosha, lakini tazama mchoro wa chanya na hasi, kwa sababu vingi vina hasi katikati.

Kubadilisha belti si kazi ya kuogopa. Ya zamani mara nyingi imeyeyuka ikawa kama lami. Ifute kwa spiriti mpaka puli ziwe safi kabisa. Zungusha uzi kwenye njia ya belti, pima urefu wake, kisha nunua belti iliyo pungufu kwa kama asilimia 5. Usiweke mpira wa kufungia karatasi. Unavutika bila usawa, na noti ya fidla itakwambia hivyo papo hapo. Kichwa kisafishe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na pamba ya masikio, ukiache kikauke. Petroli na asetoni zitaitafuna rola.

Kisha pembe ya kichwa. Kando ya kichwa kuna skrubu yenye springi. Weka alama pale ilipo, cheza kaseti ya programu iliyorekodiwa vizuri, uzungushe kidogo kidogo, si zaidi ya moja ya nane ya mzunguko kwa mara moja, mpaka mlio uwe mkali kuliko wote. Bisibisi isiwe na sumaku. Ikiwa tayari una kaseti ulizorekodi kwa kinasa hichohicho, programu zake zihamishe kwanza mahali pengine, maana ukibadilisha pembe hazitasomeka tena vizuri.

Kwa Spectrum anza na sauti robo tatu. Kwenye kingo za skrini, mistari mipana ya nyekundu na samawati ikitulia, kisha ikafuata myembamba ya buluu na njano, umepata. Ikikatika katikati na kuandika "R Tape loading error", punguza au ongeza sauti kabla ya kugusa skrubu. Wakati wa SAVE, yaani unaporekodi programu, chomoa waya wa EAR. Programu ikikataa kabisa, icheze kama faili ya sauti kutoka kwenye simu kwa waya uleule: ikiingia, kosa ni la kinasa, kompyuta ni nzima.

Kaseti nunua za aina ya kawaida, C60 (ya dakika 60) au fupi zaidi. Utepe wa C90 ni mwembamba, na wa C120 ni mwembamba zaidi, unajikunja na kunaswa. Unyevu wa visiwani huleta ukungu: ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, usiicheze kabisa, utachafua kichwa. Zitunze zimesimama, ndani ya kopo linalofunga na vifuko vya silika, mbali na spika. Acha sekunde 10 za mwanzo kabla ya kurekodi, andika namba ya kaunta kwenye jalada, kwa Spectrum na Commodore 64 piga amri ya VERIFY kuhakiki kilichorekodiwa, kisha rekodi nakala ya pili kwenye kaseti nyingine na kuvunja vijimeno vya nyuma vya zote mbili ili zisifutwe kwa bahati mbaya.