Kilo 184 zilizogeuka 18

Ulikuwa msimu wa kahawa huko Mbozi, mwaka wa kwanza wa programu yangu ya kompyuta ya kuchapa risiti za mizani kwenye chama cha ushirika. Bibi mmoja alirudi mezani kwa karani, risiti kaikunjua kiganjani.

"Mjukuu wangu, nimeleta kilo mia na themanini na nne. Hapa mmeniandikia kumi na nane."

Nilimwamkia, nikaipokea. Kweli, 18. Jina lake refu la ukoo lilikuwa limeisukuma namba hadi ukingoni, ile 4 ikaangukia nje ya karatasi ya milimita 58. Karani alimwandikia nyingine kwa mkono. Nilirudi Mbeya usiku uleule, roho inaniuma, maana majaribio yangu yote, yale ambayo kompyuta inayaendesha yenyewe kuikagua programu, yalikuwa yamepita! Yaliiuliza programu imeandika nini, nayo ikajibu 184. Hakuna lililoitazama karatasi.

Mjuzi mmoja akanishauri nichapishe kila toleo nikague kwa macho. Risiti arobaini kila ninapogusa mstari mmoja wa programu, na rola ya karatasi ni shilingi elfu na kitu? Ukifika ya kumi macho yanaona yanachotaka kuona. Mwingine akasema nilinganishe faili la risiti, yaani PDF, la jana na la leo, baiti kwa baiti. Hapo nilipoteza wiki nzima. Kila asubuhi majaribio yote yanaanguka, nami nasaka kosa kwenye hesabu za kilo, kumbe PDF hubeba ndani yake tarehe na saa ya kutengenezwa. Risiti mbili zinafanana kama mapacha, mafaili hayalingani hata siku moja. Anayekupa ushauri huo hajawahi kuufanyia kazi.

Kilichonitoa ni picha. Naigeuza PDF kuwa picha kwa programu iitwayo pdftoppm, nukta 203 kwa inchi kama printa yenyewe, nyeusi na nyeupe tupu, kwa sababu printa za risiti kwa kawaida hazina kijivu. ImageMagick, programu ya kushughulikia picha, inailinganisha na picha niliyokwisha kuikubali na kupaka nyekundu palipobadilika. Saa ya programu igandishe, ili tarehe kwenye risiti isibadilike kila jaribio. Fonti, yaani maumbo ya herufi, nazo ziweke ndani ya mradi: kwa mwenzangu wa Uyole fonti yangu haikuwepo, kompyuta ikachukua nyingine, picha zote zikawa nyekundu.

Lakini picha uliyoikubali inaweza kuwa na kosa tangu mwanzo. Ndipo nikapata hii, na ninajivunia: wakati wa jaribio, ukurasa unachorwa mpana zaidi kwa milimita 20 upande wa kulia, na eneo hilo lazima libaki jeupe. Nukta moja nyeusi ikionekana, jaribio limeanguka. Niliingiza jina la yule bibi. Ile 4 ikatokea peke yake kwenye weupe, nzima kabisa, nje kidogo tu ya ukingo. Niliitazama muda mrefu.

Usianze majaribio na jina fupi kama Juma Ali. Anza na jina refu kuliko yote kwenye daftari la chama. Siku hizi jina likizidi linashuka mstari wa pili, na kilo zinabaki palepale kulia.