Ninavyopanga sahani ya mgonjwa wa figo kwa chakula cha Dodoma

Kazi yangu ni lishe, na kwa wagonjwa ambao figo zao zimefika hatua ya nne na ya tano ya ugonjwa, yaani za mwisho, kinachonitia hofu kuliko potasiamu, madini ambayo figo zilizochoka hushindwa kuyatoa, ni njaa. Ndugu huja wakiwa na orodha ndefu ya makatazo: maharage marufuku, nyama marufuku, mboga marufuku, matunda marufuku. Ukimuuliza mgonjwa jana amekula nini, anakwambia uji mweupe na chai. Mwili usipopata chakula cha kutosha huanza kula misuli yake wenyewe, na misuli ikivunjwa urea, taka ya protini kwenye damu, inapanda, yaani kile kile tulichokuwa tunakikimbia. Halafu uvimbe wa miguu na tumbo unaficha kukonda, mizani inaonyesha kilo zile zile.

Kwa hiyo naanza na nguvu. Mtu mzima nampangia kilokalori 25 hadi 35 kwa kila kilo ya uzito wake usio na uvimbe. Mwenye kilo 60 anahitaji kati ya 1,500 na 2,100 kwa siku. Unga wa sembe gramu 300, sawa na ugali wa milo miwili, unatoa kama 1,050. Vijiko vinne vya chakula vya mafuta ya alizeti, ambayo kwetu Dodoma na Singida hayatafutwi mbali, vinaongeza karibu 480. Mafuta hayana protini, hayana potasiamu wala fosfeti (madini ya fosforasi), kwa hiyo siwabanii. Asiye na hamu ya kula nampa uji mzito wa sembe au mchele, kikombe kimoja chenye kijiko cha chakula cha mafuta na sukari kama hana kisukari, mara tatu kwa siku katikati ya milo.

Protini inategemea kama ameanza kusafishwa damu. Ambaye hajaanza na hana kisukari nampa gramu 0.55 hadi 0.6 kwa kilo kwa siku. Mwenye kisukari 0.6 hadi 0.8. Akishaanza kusafishwa, kiwango kinapanda hadi gramu 1.0 hadi 1.2, kwa sababu kila awamu mashine inaondoka na asidi amino, vipande vinavyojenga protini. Hapa ndipo familia nyingi hukwama: mama aliyenyimwa nyama miezi yote ya nyuma anaendelea kunyimwa hata baada ya kuanza mashine, na anaisha huku tunamwona.

Kwa mtu wa kilo 60 ambaye hajaanza, gramu 36 zinapatikana hivi: sembe gramu 300 inatoa kama 21, yai moja 6, kipande cha nyama iliyoiva cha gramu 30 kinatoa 8, kilichobaki ni cha mboga. Akila ugali wa uwele kwa kipimo hicho hicho cha unga, uwele peke yake unafikisha kama gramu 33 na kitoweo kinakosa nafasi. Sikatazi uwele. Namwekea mlo mmoja wa uwele na mmoja wa sembe, na siku hiyo napunguza kitoweo. Fosforasi ya nafaka nzima hufyonzwa kidogo kuliko ile ya nyama na maziwa, kwa hiyo ukali wa kuufuta kabisa hauna msingi. Aliye kwenye mashine anahitaji gramu 60 na kuendelea: sembe ile ile, mayai mawili, perege aliyeiva gramu 100, na nusu kikombe cha maziwa.

Potasiamu siibani kabla ya kuona kipimo cha damu. Wapo wanaokojoa vizuri na kutumia dawa za kupunguza maji mwilini ambao potasiamu yao iko chini, na kuwanyima matunda ni kuwaonea. Ikikaribia au kuvuka milimoli 5.5 kwa lita nabadilisha upishi kwanza. Mchicha unakatwa, kisha unatumbukizwa kwenye sufuria kubwa yenye maji yanayochemka, walau mara tano ya wingi wa mboga, kwa dakika 5 hadi 10. Maji yanamwagwa, mboga inakamuliwa, ndipo inakaangwa na kitunguu na mafuta. Viazi na mihogo hukatwa vipande vyembamba, vikachemshwa kwenye maji mengi mpaka nusu kuiva, maji yakamwagwa, vikamaliziwa kwenye maji mapya. Kinachoharibu ni maji kidogo yanayoachwa yakaukie chunguni, kwa kuwa potasiamu inabaki humo humo. Supu ya maji hayo ni mbaya zaidi. Ikivuka 6, au miguu ikilegea ghafla, au moyo ukidunda ovyo, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Mlenda una ugumu wake, kwani ukimwaga maji umemwaga mlenda wenyewe. Nauruhusu uliopikwa kwa majani mabichi, vijiko vitatu au vinne vya chakula, bila karanga za kusaga na bila magadi. Magadi ni sodiamu, na wapishi wengi hawaihesabu kwa kuwa haina ladha kama ya chumvi. Mlenda mkavu wa unga nauacha kwa mwenye potasiamu ya juu. Kijiko kimoja kimebeba majani mengi.

Naomba sana ndugu wanisikie kwenye hili la kuongeza damu. Mgonjwa wa figo hupauka kwa sababu figo zilizochoka hazitengenezi vya kutosha homoni inayoamuru damu itengenezwe, na dawa yake ni sindano ya homoni hiyo pamoja na madini ya chuma kadiri daktari atakavyoona. Juisi ya bitiruti, maji ya matembele na glasi ya ubuyu haziwezi kuziba pengo hilo. Zinamwaga potasiamu mwilini kwa mkupuo mmoja. Uji wa lishe wenye soya, karanga na dagaa, ambao majirani huleta kwa upendo, nao una protini, potasiamu na fosfeti nyingi kuliko anavyoweza kubeba.

Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, kijiko cha chai kilichosawazishwa, na mkate na viungo vya paketi vimo ndani ya hesabu hiyo. Njia iliyonifaa ni kutenga kitoweo cha mgonjwa kabla sufuria ya familia haijatiwa chumvi, kisha kukikoleza kwa ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili. Chumvi ya dukani iliyopunguzwa sodiamu isinunuliwe. Mara nyingi imejazwa potasiamu. Maji ya visima vya chumvichumvi nayo hayafai kumpikia wala kumnywesha.

Aliye kwenye mashine anakunywa kiasi cha mkojo wake wa saa 24 na kuongeza mililita 500. Jaza chupa kiasi hicho asubuhi. Kila anapokunywa chai, uji au mchuzi, mwaga kiasi hicho hicho kutoka kwenye chupa. Ikiisha, basi. Kwenye joto la Oktoba na Novemba anyonye kipande cha barafu, nacho kihesabiwe. Mtu wa kilo 60 asiongezeke zaidi ya kilo 2.4 kati ya awamu moja ya kusafishwa damu na nyingine.

Vidonge vya kalsiamu kabonati vilivyoandikwa kwa ajili ya fosfeti vimezwe katikati ya mlo, maana vikiingia kwenye tumbo tupu havina fosfeti ya kukamata. Soda za kola, soseji na dagaa wanaoliwa na mifupa yao niliviondoa moja kwa moja.

Mwenye kisukari sukari ikishuka, na hushuka kirahisi figo zinapochoka kwa kuwa insulini inakaa mwilini muda mrefu, apewe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji kidogo. Asipewe juisi ya machungwa. Kila mwezi nampima mzunguko wa mkono wa juu kwa futi ya kushonea, mkono usio na fistula (mshipa uliounganishwa kwa ajili ya mashine), mahali pale pale. Ukipungua wakati uzito umesimama, naongeza chakula na namwomba daktari aangalie upya uzito wake mkavu, yaani uzito bila maji ya ziada.