Nilivyojenga Sayari Ngeni kwa Madodoki na Mabaki ya Boksi la Friji

Kila ninapoeleza kwamba ninajenga mandhari ya michezo ya vita ya mezani, ile inayochezwa kwa visanamu vya askari, anayeujua mchezo huu hunishauri niagize majengo ya plastiki kutoka Uingereza, kana kwamba sayari ngeni hupatikana kiwandani peke yake. Ushauri huo umenikera kwa muda mrefu. Gharama ya kusafirisha inaweza kuizidi bei ya bidhaa yenyewe, na kitakachofika ni kile kile kilicho juu ya meza ya kila mchezaji duniani. Meza yangu, yenye minara iliyotobokatoboka, mimea myeusi na madimbwi ya ute wa kijani, imejengwa kwa vitu vya Kariakoo, Keko na ufukweni, na kila mgeni aliyekuja kucheza nyumbani kwetu Kinondoni, Dar es Salaam, ameinama kuitazama kabla hajapanga askari wake.

Nilianza na sayari yenyewe kabla ya kushika kisu. Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na Jua letu, iko umbali wa takriban miaka 4.2 ya nuru. Ni nyota kibete nyekundu yenye mwanga hafifu, na mwaka 2016 wanaastronomia walitangaza kwamba kuna sayari inayoizunguka. Wapo wanasayansi wanaodokeza kwamba mimea ya mahali kama hapo, ikiwa ipo, ingeweza kuwa myeusi ili inyonye mwanga wote unaoifikia. Wazo hilo lilinipa rangi za meza nzima: ardhi ya kutu, mimea ya zambarau inayokaribia weusi, na kijani kikali mahali penye ute tu. Ninawasihi wanaoanza wajiulize kwanza jua la huko likoje, maana jibu hilo litawaokoa na kishawishi cha kumaliza kila kopo la rangi lililo dukani.

Vitako, yaani vibao vya chini vinavyobeba miamba na minara, nilivikata kwenye hadibodi. Mafundi samani wa Keko huwa na vipande vilivyobaki, na bei yake haizidi sana bei ya soda chache ukizungumza nao vizuri. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba gundi inapokauka hujikunja na kuuvuta ubao, kwa hiyo ukipaka upande wa juu peke yake, kitako hubenuka. Paka pande zote mbili, hata ule usioonekana. Msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, gundi nyeupe ya maseremala hukauka polepole mno kwa sababu ya unyevu, na dawa yake ni feni na subira, wala si kuianika juani, ambako ngozi ya juu hukauka huku ndani kukiwa bado kubichi.

Miamba na minara inatokana na lile povu gumu jeupe linalofungashiwa friji na televisheni. Chagua lenye punje ndogo zilizoshikana, kwa maana lenye punje kubwa humeguka kila linapoguswa. Vipande nilivibandika kwa gundi hiyo hiyo ya maseremala na kuvishikiza kwa njiti za mishikaki, kwa kuwa hewa haifiki katikati ya povu na gundi peke yake ingechukua muda mrefu mno kushika. Askari wa mchezo huu wana kimo cha milimita 28 hivi. Mnara wa sentimita 10, kwa kipimo chao, ni jengo la mita sita hivi, na hilo linatosha kabisa kumficha mtu na kumtia adui wasiwasi.

Hapo ndipo ulipokuja ushauri mbaya kuliko yote. Muuzaji mmoja wa vifaa vya ujenzi alinisisitizia: "Kaka, achana na brashi, chukua hii ya kupuliza, inashika hapo hapo." Niliijaribu kwenye kipande cha pembeni. Povu lilianza kusinyaa mbele ya macho yangu, likanywea, likafanya mashimo yenye kingo za mviringo, na ndani ya mashimo hayo yakatokea mashimo mengine madogo zaidi, kwa sababu viyeyushi vilivyomo katika rangi ya kopo huyeyusha polistairini, ambayo ndiyo povu lenyewe. Nilikitazama kipande kile kwa furaha kubwa, kwa kuwa hakuna kisu ambacho kingeweza kuchonga mwamba wa kigeni namna ile. Tangu siku hiyo ninafanya hivyo kwa makusudi: sehemu ninazotaka zibaki nzima ninazipaka kwanza gundi iliyochanganywa na rangi ya maji, ninaacha madoa matupu ninapotaka yaliwe, ninasubiri mpaka pakauke kabisa, kisha ninapuliza kidogo kidogo kutoka mbali. Fanya kazi hii nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, na uvae barakoa ya mvuke wa kemikali kwa sababu ile ya kitambaa haizuii chochote.

Fahari yangu kubwa zaidi, hata hivyo, ni madodoki. Dodoki la kuogea likikatwa mviringo huonyesha matundu matatu makubwa yaliyozungukwa na wavu wa nyuzi, na hakuna msanifu wa mapambo ya sayari ngeni aliyewahi kubuni kitu kinachonishawishi zaidi. Mama aliyeniuzia alinielekeza vizuri: "Mwanangu, chukua yaliyokomaa yenye nyuzi ngumu, hayo mepesi yatakusumbua." Dodoki kavu hubonyea chini ya kisu na kuacha kingo zilizochakaa; kwa hiyo ninalichovya zima katika gundi iliyozimuliwa kwa maji, ninalikung'uta ili matundu yasizibe, ninalitundika kwenye kamba ya nguo mpaka likakamae, na hapo ndipo ninapolikata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo. Vipande vyembamba huwa madirisha ya minara, vinene huwa mizinga ya viumbe, kama ile ya nyuki, na lile lililopasuliwa kwa urefu hulala ardhini mithili ya mzoga wa mnyama asiye na jina.

Misitu midogo ni matunda makavu ya mvinje, yaliyotapakaa bure chini ya miti ya ufukweni. Wapo walionihimiza niokote matumbawe, nami nimekataa na nitaendelea kukataa: matumbawe ni makazi ya samaki, na biashara yake hudhibitiwa kimataifa. Mchanga wa pwani unafaa, mradi uoshwe kwa maji yasiyo ya chumvi mara kadhaa, kwa kuwa chumvi huvuta unyevu na rangi haitulii juu yake.

Katika kupaka rangi, ninaanza na giza na kupanda kuelekea mwanga. Rangi ya maji nyeusi iliyozimuliwa, yenye tone la sabuni ya vyombo, huteremka hadi ndani ya nyufa bila kujikusanya juu. Kisha brashi iliyofutwa kwenye kitambaa mpaka ikaribie kukauka hupitishwa juu ya kingo kwa rangi angavu zaidi. Nilishauriwa kutumia rangi ya mafuta kwa sababu inang'aa. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa mjini mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na mng'ao ule unaipa picha yake uhai; juu ya mwamba mdogo, mng'ao huo huo huufanya uonekane plastiki. Mimi ninauhifadhi kwa ajili ya ute peke yake, ambao ninaumalizia kwa vanishi ya maji katika tabaka kadhaa nyembamba.

Kazi ya mwisho ilikuwa kupima kila jukwaa kwa kitako cha askari chenye upana wa milimita 32, na pale ambapo askari hakusimama wima nilisawazisha kwa msasa, nikapaka upya.