John Wilkes, wapiga chapa wake na flashi ya baba mdogo

Mi nina kastationari kadogo hapa Mwanjelwa, fotokopi mbili na printa moja ya rangi yenye kiburi kuliko mwenye nayo. Mwezi wa saba, ile baridi ya Mbeya ya kushinda na koti mpaka saa tano asubuhi, akaja baba mdogo kutoka Tukuyu na flashi mkononi. Anagombea uenyekiti wa AMCOS yao, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Ndani ya flashi mafaili mawili. La kwanza bango lake, kavaa suti aliyovaa harusi ya binti yake, safi kabisa. La pili ni karatasi ya kumsema mpinzani wake, mara kala mbolea, mara mizani ina mchezo, na chini hakuna jina la mtu. Anataka kopi mia mbili.

Nikamwambia baba mdogo, bango natoa sasa hivi, hii nyingine hapana. "Kwani silipi?" Sasa utamjibuje mzee wako bila kumvunjia heshima, ndo nikajikuta namsimulia habari za John Wilkes, mbunge mmoja wa Uingereza wa zamani ambaye nilimsoma sana kwenye simu siku zile umeme unakatika kila jioni.

Wilkes kazaliwa London 1725, baba yake alikuwa na biashara ya kutengeneza pombe kali, kwa hiyo hela ilikuwepo. Sura ndo alinyimwa, makengeza na taya limetokeza, ila mdomo alipewa, mwenyewe alikuwa anajigamba kwamba akipata nusu saa ya kuongea tu watu wanaisahau ile sura. Bungeni kaingia 1757 kwa jimbo la Aylesbury na sio kwa sera, alihonga wapiga kura, zilimtoka kama pauni 7,000. Madeni, wanawake, pombe, vyote vyake. Nasema mapema mtu asije akadhani nasimulia mtakatifu.

1762 akaanzisha gazeti, The North Briton, la kumtandika Lord Bute aliyekuwa waziri mkuu. Toleo namba 45, tarehe 23 Aprili 1763, likaivaa hotuba ya Mfalme George III iliyosifia mkataba wa amani na Ufaransa. Na gazeti halikuwa na jina la mwandishi. Hapo nikamwangalia baba mdogo, akajifanya anasoma bei za lamineti ukutani.

Serikali ikatoa hati ya kukamata isiyotaja jina la mtu, imeandikwa tu wakamatwe walioandika, waliopiga chapa na waliotoa. Watu 49 wakabebwa. Arobaini na tisa jamani, kwa karatasi moja! Kuna mpiga chapa anaitwa Dryden Leach alitolewa kitandani usiku, na namba 45 wala hakuichapa yeye. Mwingine William Huckle, kibarua tu wa kiwandani, mshahara wake gini moja kwa wiki, yaani pauni moja na shilingi moja. Huyu alishikiliwa kama masaa sita na hawakumgusa hata kofi, walimpa steki na bia. Akaenda mahakamani, baraza la wazee likampa fidia pauni 300, ambayo ni mshahara wake wa zaidi ya miaka mitano. Serikali ikalalamika hela ni nyingi mno kwa mtu aliyekula steki, Jaji Charles Pratt akaiacha hivyo hivyo, maana suala halikuwa steki, suala ni kumkamata mtu kwa hati ambayo haina jina lake.

"Steki na bia, halafu pauni mia tatu," baba mdogo akacheka. "Si wangenikamata mimi."

Wilkes mwenyewe walimweka Tower, ile ngome ya London iliyotumika kama gereza, siku chache Pratt huyo huyo akamwachia kwa kinga ya ubunge. Badala ya kutulia akaweka mashine ya chapa nyumbani kwake, akachapa humo na shairi la matusi, nakala chache za marafiki tu. Kijana wake wa chapa, Michael Curry, akazipeleka kurasa serikalini. (Mimi dogo wangu wa dukani namlipa kila Jumamosi bila kuchelewa, nimejifunza.) Novemba 1763 Lord Sandwich, rafiki yake wa kunywa naye kabisa, akasimama House of Lords, baraza la juu la Bunge, akalisoma lile shairi kwa sauti. Ndani ya siku hizo hizo Wilkes akapigana kwa bastola na mbunge mwenzie Samuel Martin, akala risasi ya tumbo, akapona, akakimbilia Paris. Bunge likamfukuza Januari 1764.

Karudi 1768 na madeni yake, akagombea jimbo la Middlesex akashinda, ila akafungwa jela kwa kesi za zamani. Februari 1769 Bunge likamfukuza tena. Wananchi wakamchagua. Bunge likaufuta uchaguzi. Wakamchagua. Likaufuta. Namba 45 ikawa inachorwa kwa chaki kwenye milango mjini. Aprili uchaguzi mwingine, Wilkes yuko ndani, kura 1,143, mpinzani wake Henry Luttrell 296, na Bunge likamkalisha Luttrell.

Baba mdogo akaweka kikombe cha kahawa chini. "Wa 296 ndo akakaa?"

"Ndo akakaa."

"Hapana bwana." Akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa anawaza AMCOS.

Mimi ninachokipenda ni 1771. Wakati huo kuchapa gazetini wabunge walichosema bungeni ilikuwa kosa. Bunge likatuma tarishi akamkamate mpiga chapa John Miller, Miller akaita polisi wa mtaa, tarishi ndo akakamatwa, akapelekwa mbele ya Meya wa London Brass Crosby, na waliokaa pembeni yake ni Richard Oliver na Wilkes, ambaye sasa alikuwa diwani. Crosby na Oliver wakatupwa Tower. Wilkes wakamwogopa, wakamwita aje tarehe 8 Aprili halafu wenyewe wakaahirisha kikao mpaka tarehe 9. Tangu hapo magazeti yakaendelea kuchapa mijadala bila kusumbuliwa sana.

Yaliyobaki ni marefu, 1774 kawa Meya na karudi bungeni kwa Middlesex hiyo hiyo, kapinga vita ya kule Marekani, 1776 kaleta hoja majimbo yagawanywe kwa haki ikakataliwa, 1782 Bunge likafuta kwenye kumbukumbu zake ile ya kumfukuza. Kafariki 1797.

"Kwa hiyo unaogopa kukamatwa," baba mdogo akasema.

Nikamwambia weka jina lako hapo chini nakutolea hata mia tano. Akachukua mabango yake, akalipa bei ya ndugu, "ndaga mwanangu", yaani asante kwa Kinyakyusa, akaweka flashi mfukoni na kuvuka barabara.

Wiki mbili baadaye nimeenda Tukuyu msibani, nikaikuta ile karatasi kwenye nguzo ya umeme karibu na stendi. Haina jina. Imepinda, maandishi yamekatwa upande wa kulia, na tona ilikuwa inaishia.