Tulivyoshusha intaneti kijijini kwetu Usambara

Nafundisha sekondari ya kata huku milimani Lushoto. Ukipanda kilele cha juu ya kijiji, mnara wa simu unauona vizuri kabisa. Ukishuka nyumbani, simu inabaki ya kuangalizia saa. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, vijana wetu walikuwa wanapanda gari hadi mjini kubadili tahasusi, yaani mchepuo wa masomo ya kidato cha tano, kwenye Selform, mfumo wa serikali wa mtandaoni. Nauli, pesa ya steshenari, na kibaya zaidi nenosiri linabaki kwa kijana wa steshenari. Akitaka kurekebisha kitu, safari upya. Hilo la nenosiri ndilo lililoniuma kuliko hata ukosefu wa mtandao.

Nilikwenda kwa kina mama wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa cha kijijini, kwa sababu ndio wenye pesa inayotunzwa na daftari linalosomeka. Wakatoa sehemu ya mfuko wao, walimu tukajazia. Fundi akafunga ruta ya laini ya simu kule kileleni, na kifaa cha kurushia mawimbi ya 5 GHz kikielekea kingine juu ya paa la ghala lao. Vifaa hivi lazima vionane. Kwetu katikati palikuwa na mikaratusi, na majani yakilowa mvua hunyonya mawimbi. Mwenye shamba alikubali ipogolewe kwa sharti moja: kuni zote zibebwe hadi mlangoni kwake. Zilibebwa.

Umeme ndio uliotaka hesabu. Vifaa vinakula kama wati 15. Betri yetu ya maji ni ya volti 12 na Ah 100, yaani Wh (wati-saa) 1,200, lakini ukitaka idumu usiitumie kupita nusu, Wh 600. Ukiwasha usiku na mchana unakula Wh 360 kwa siku, na masika ukungu wa huku unaweza kuficha jua siku kadhaa mfululizo. Kwa hiyo tunawasha saa sita mchana hadi saa nne usiku, Wh 150 tu, na betri inahimili siku nne hata sola isipoingiza kitu. Mtu akikuuzia paneli kabla hajakuuliza utawasha saa ngapi, mwache aende zake.

Kwenye kufundisha niliweka sharti moja: simu haitoki mkononi mwa mwenyewe. Ni kazi kwelikweli! Kidole kinawasha umfanyie mtu, hasa mama aliyezoea kiswaswadu, simu ya vitufe, na anabonyeza kioo kana kwamba anakanda unga. Lakini mmoja alinikomesha mapema: "Mwalimu, usinishikie. Nionyeshe, nikikosea nitarudia." Yeye kusoma kunampa shida, kwa hiyo tulianza na ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Akamwuliza mpwa wake aliyeko soko la Ilala bei ya kabichi. Dalali alipokuja shambani na bei yake ya kila siku, mama hakubishana. Alibonyeza, sauti ya mpwa ikasikika hadi barabarani. Dalali akapandisha, si sana, ila akapandisha, na safari hiyo lumbesa, gunia la kujaza kupita kiasi, haikutajwa. Tangu hapo sikuhitaji tena kumshawishi mtu aje darasani.

Vijana wao walivutwa na mikeka ya mpira, yaani kubeti. Sikuwafukuza. Anayejua kufungua akaunti na kulinda namba yake ya siri ameshamaliza nusu ya somo, na wawili kati yao ndio wanaowasaidia wenzao Selform siku hizi. Kila mwombaji anaandika nenosiri lake mwenyewe kwenye daftari lake, na anakwenda nalo nyumbani.

Bando tunalinunua kwa mchango wa kila mwezi. Wa kwanza kulimaliza huwa ni simu zenyewe, zinapopakua video na masasisho bila kuulizwa, kwa hiyo tunazima hayo kabla mtu hajapewa nenosiri la ruta. Kwa wanafunzi nimeweka Wikipedia ya Kiswahili ndani ya laptopu ya zamani kwa programu ya Kiwix. Wanaifungua kwenye simu zao kupitia Wi-Fi bila kugusa bando.

Sasa kina mama wanataka tovuti za kubeti zifungwe kabisa. Mpaka sasa nimezifunga saa za masomo tu, na kikao kijacho tutabishana tena.