Nani Atanunua Joto la Ardhini Naivasha?

Njia nyingi za kukadiria soko la joto la ardhini kwenye majengo zimetoka nchi za baridi. Iceland, ambako takriban nyumba tisa kati ya kumi hupashwa moto kwa jotoardhi, hesabu ni nyepesi: chukua wastani wa joto la nje kwa siku, uutoe kwenye nyuzi 18 hivi, kisha ujumlishe mwaka mzima; jumla ikiwa kubwa, haja ya joto ni kubwa. Mimi nilikuwa nakadiria Naivasha, Kenya, mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, jirani na visima vya jotoardhi vya Olkaria. Wastani wa siku huku ni nyuzi 17 hivi, kwa hiyo fomula itakuambia karibu hakuna soko. Kamwambie hivyo mlinzi wa usiku.

Nikaachana na wastani, nikatumia joto la kila saa. Alfajiri hushuka hadi nyuzi kumi au chini yake, ingawa wenye nyumba hujifunika blanketi mbili, yakaisha. Shamba la maua la Oserian lilishalijua hilo: lilipasha hekta 50 za waridi kwa jotoardhi, hasa usiku, ili kupunguza unyevu unaoleta ukungu.

Kwenye majengo, kinacholipiwa ni maji ya moto. Kupasha lita 1,000 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji kilowati-saa 46 na ushee. Hilo halina ubishi. Kazi ni kujua lita zenyewe ni ngapi, maana hoteli nilizozungukia hazikuwa na mita kwenye bomba la maji moto. Mameneja walinipa idadi ya vitanda. Aliyenifaa zaidi ni mzee wa boila katika hoteli moja, mwenye daftari lililojaa masizi.

"Mzee, hapa huwa unaandika nini?"

"Kila lori la kuni linaloingia, mwanangu. Hakuna anayekuja kulisoma."

Nililisoma ukurasa kwa ukurasa. Kuni ziliisha upesi wikendi za harusi, hata vyumba vikiwa vitupu: vitambaa vya meza, mashuka ya mapambo, masufuria ya jikoni. Basi nikaanza kuhesabu kilo za nguo zinazofuliwa pamoja na sahani, vitanda nikavipa uzito mdogo, na makadirio yakasogea karibu na kuni zilizochomwa kweli, ukishaondoa joto linalopotelea kwenye bomba la moshi.

Ila mwenye haja si lazima awe mnunuzi. Aliyefunga boila mpya juzi hatakusikiliza, hata umuuzie joto kwa bei ya bure. Kila jengo nikaliandikia umri wa boila yake na umbali wake kutoka bomba kuu la jotoardhi, kisha nikapanga orodha kwa kiasi cha joto kitakachouzwa kwa kila mita ya bomba. Nyumba za makazi zilizotawanyika zikaanguka zote. Zikabaki dobi, hospitali na hoteli zinazopakana.

Aliyenipa kazi alitarajia ramani ya mji mzima. Nilimkabidhi mtaa mmoja, na mwaka ambao kila boila ya mtaa huo itahitaji kubadilishwa.