Kikulacho ki puani mwako

Mafua ya binti yangu wa miaka minne nimeshayakariri: chafya, kisha kamasi jepesi kama maji, kisha homa ya usiku mmoja. Safari hii, siku ya nne aliamka anaruka juu ya kitanda, nikajipongeza. Siku ya sita homa ikarudi kwa kishindo, naye kashika sikio analia.

Nikajua tu kaambukizwa upya. Daktari alichungulia sikio, akaniambia kuna usaha, na kwamba bakteria aliyeuleta huenda alikuwa puani mwake hata kabla ya mafua.

Hilo lilininyima usingizi. Kumbe watoto wengi wazima kabisa hubeba nyumokoki, bakteria anayeweza kuleta usaha wa sikio, puani bila hata chafya, na hata watu wazima, karibu watatu kati ya kumi hubeba bakteria mwingine, stafilokoki orea. Wapangaji watulivu. Kirusi cha mafua ndiye anayevuruga nyumba. Huharibu utando wa pua, na vile vinyweleo vinavyosukuma kamasi hulegea. Kirusi cha influenza, yaani mafua makali, kina hata kimeng'enya kinachokata sukari zilizo juu ya seli zetu. Nyumokoki hupata pa kushika na sukari ya kula. Mrija unaounganisha pua na sikio ukivimba, majimaji hukwama humo, na mpangaji huhamia.

Mwaka 1892, Mjerumani Richard Pfeiffer alikuta bakteria kwenye makohozi ya wagonjwa wa influenza akatangaza kampata mhalifu. Kirusi chenyewe kilikuja kutambuliwa kwa binadamu mwaka 1933, lakini bakteria yule maskini bado anaitwa Hemofilasi influenza. Ingawa simwonei huruma sana: katika janga la 1918, wengi waliokufa walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyofuata nyuma ya kirusi.

Bibi yake binti yangu alitaka antibayotiki tangu chafya ya kwanza. Nilikataa, na baada ya sikio alinitazama kwa jicho la "si nilikwambia". Mama, nikamweleza, siku ya kwanza dawa isingemgusa kirusi, ila ingefagia hata wale wapangaji wema wanaowabana wabaya nafasi. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza dozi ya saa mbili nimeshampa.

Nilikuwa nimesahau.